Pedi za kuongezea ndani ya nepi za watu wazima: zipi ni za bei nafuu na zinafaa kweli?

Kitindamimba ameandika:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninamuuguza baba yangu mzazi nyumbani kwetu Tandika. Ana umri wa miaka 74, alipata kiharusi mwaka jana, upande wake wa kulia haujarudi sawasawa, na tangu atoke hospitalini hawezi kuzuia mkojo, hasa usiku. Mchana hatuna shida kubwa, kwa kuwa tunampeleka chooni kila baada ya saa mbili na nepi yake hukaa kavu hata nusu siku. Kazi iko usiku. Namvalisha nepi saa nne, na ikifika saa tisa mkojo umekwishapita pembeni mwa mapaja, shuka limelowa, na fulana yake imelowa mpaka mgongoni. Yeye mwenyewe haniiti. Namkuta yuko macho, ametulia, anatazama feni, maana anaona haya kumwamsha binti yake kwa jambo hilo.

Kwa sasa natumia nepi mbili kila usiku, na pakiti ya nepi kumi naipata kwa shilingi 17,000. Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo, muuzaji akanionyesha pedi ndefu za kulaza ndani ya nepi ili iongeze uwezo wa kubeba mkojo. Alikuwa nazo za aina mbili, moja inaangukia shilingi 700 kwa pedi na nyingine shilingi 400, na picha zilizo juu ya pakiti zinafanana kama mapacha. Kabla ya kutoa fedha nikaona nijaribu kwanza njia rahisi: nilinunua taulo za kike za usiku, zile ndefu, nikaweka moja ndani ya nepi. Matokeo yalinishangaza, kwa sababu usiku huo mkojo ulivuja mapema kuliko kawaida, na nilipomvua nepi niliikuta chini ya taulo ni kavu kabisa, huku shuka likiwa chapachapa.

Naomba mnieleze kilichotokea, na namna ya kutambua pedi inayofaa kabla sijanunua katoni nzima.

MkaziWaTegeta ameandika:

Pole sana, dada. Mimi ningechukua zile za shilingi 400 na kuweka mbili kwa pamoja. Utakuwa umetumia shilingi 800 tu na umepata unene maradufu.

NesiMstaafu ameandika:

Mwanangu Kitindamimba, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa ulilolifanya nimeliona likifanywa na ndugu wa wagonjwa wengi, tena watu makini, kwa hiyo usijilaumu.

Taulo ya kike imetengenezwa ili kinachoingia juu kisiguse nguo ya ndani, na ndiyo maana upande wake wa chini una tabaka la plastiki. Ukiilaza ndani ya nepi, plastiki hiyo inakuwa kizuizi kati ya mkojo na nepi uliyoilipia. Taulo ikijaa, na hujaa upesi kwa sababu imekusudiwa kupokea kidogo kidogo wala si mkojo unaotoka kwa mkupuo, maji yaliyobaki hayana pa kushuka. Yanakimbilia pembeni na kutokea mapajani. Ni sawa na kutandika turubai juu ya godoro, mvua ikanyesha, halafu ukashangaa kwamba sakafu imelowa na godoro ni kavu.

Pedi ya kuongezea ya kweli haina utando wa plastiki wa kuzuia maji popote. Inapokea mkojo, inashika kiasi inachokiweza, na kinachozidi inakipitisha chini kwenda kwenye nepi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia, na linatangulia bei, unene na jina la kampuni. Usitegemee kuipapasa kwa vidole, kwani siku hizi zipo pedi ambazo mgongo wake ni laini kama kitambaa ilhali ndani ya ule ulaini mna utando wa plastiki. Mwombe muuzaji akuuzie moja au pakiti ndogo, uende nayo nyumbani, uilaze juu ya gazeti kavu ndani ya sinia, kisha umimine maji taratibu katikati mpaka ishindwe kubeba. Ikiwa gazeti la chini ya tumbo la pedi limelowa, inapitisha. Ikiwa maji yametokea kwenye kingo na gazeti la katikati bado ni kavu, umenunua taulo ya kike kwa jina jingine.

Unapofanya jaribio hilo usitumie maji matupu. Ndani ya pedi hizi mna chembechembe za sodiamu poliakrileti, ambazo zikikutana na maji hugeuka kuwa kama jeli. Katika maji yasiyo na chumvi chembe hizo hunywa sana kupita kiasi, lakini mkojo una chumvi, na chumvi hupunguza sana uwezo wake. Weka chumvi gramu 9 kwa lita moja ya maji, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi. Kama unaweza kupata mizani ya jikoni, pima pedi ikiwa kavu, kisha ipime ikiwa imejaa na imeacha kuchuruzika. Kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja. Huenda ukakuta namba yako ni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye pakiti, kama imeandikwa. Si lazima mtengenezaji awe amedanganya, maana kipimo kinachotumika sana viwandani, kile kinachoitwa ISO 11948-1, huizamisha bidhaa nzima majini mpaka ishibe, tena bila mtu kuilalia. Baba yako anailalia, na uzito wake unaikamua.

Sasa kuhusu ushauri wa kuweka mbili, ndugu yangu wa Tegeta aniwie radhi. Pedi mbili zilizolaliana huifanya nepi itoke tumbo katikati, ile mikunjo yenye mpira iliyosimama kando ya mapaja ikalala au ikaacha upenyo, na upenyo huo ndio njia ya mkojo. Tena kwa mtu aliyepooza upande mmoja, ambaye hawezi kujigeuza, kila mkunjo na kila tuta chini ya makalio ni mwanzo wa kidonda. Moja inatosha. Isipotosha, tatizo liko kwingine.

Nina swali: je, nepi yenyewe inamkaa vizuri? Watu wengi hununua kubwa wakidhani itabeba zaidi, kumbe mapajani inabaki na nafasi ya kuingiza vidole vinne. Pima kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani, chukua kipimo kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, halafu ulinganishe na jedwali lililo kwenye pakiti.

Kitindamimba ameandika:

Shikamoo, mama. Nakushukuru kwa maelezo ambayo hata muuzaji hakunipa. Nimepima nyonga, na ni kweli nilikuwa namvalisha saizi kubwa kuliko yake. Nilirudi Kariakoo jana nikachukua pakiti moja ya kila aina, na jioni nikaazima mizani kwa jirani yetu anayeoka keki. Nilimweleza kazi yake kabla ya kuichukua, akacheka, akaniambia niifunike kwa karatasi.

Pedi ya shilingi 400 ilikuwa na uzito wa gramu 28. Nilipomimina maji ya chumvi yalitawanyika juu kama yanayomwagwa kwenye sakafu ya saruji, yakachukua muda kuingia, na kabla sijamaliza kikombe kimoja yalikuwa yanatoka kwenye kingo zote mbili. Katikati ya gazeti palikuwa pakavu. Niliichana kwa mkasi nikakuta, kama ulivyosema, utando mwembamba wa plastiki chini ya kitambaa laini. Ile ya shilingi 700 ilikuwa na gramu 46. Maji yalizama mara moja, nikaendelea kumimina, na baada ya muda gazeti la chini likaanza kubadilika rangi kuanzia katikati kwenda nje. Niliinua, nikaiacha ichuruzike, nikaipima: gramu 371. Kwa hesabu yako imeshika mililita 325. Nilibandika tishu kavu juu yake nikakandamiza kwa kiganja, ikatoka na unyevu kidogo tu.

Mhasibu wa Nyumbani ameandika:

Kwa kuwa mada inasema bei nafuu, naomba tuifanye hesabu kwa mwezi badala ya kwa pedi moja. Nepi mbili kila usiku kwa shilingi 1,700 ni shilingi 102,000 kwa usiku 30. Nepi moja pamoja na pedi ya 700 ni shilingi 72,000, na hata kama katika usiku 10 mambo yataharibika ukalazimika kuvalisha nepi ya pili, utaongeza 17,000 na bado utabaki chini, kwa shilingi 89,000. Lakini pedi ya 400 isiyopitisha maji, ambayo itakulazimu kubadilisha nepi kila usiku kama kawaida, inakufikisha shilingi 114,000. Yaani ile iliyoonekana rahisi dukani imekuwa ghali kuliko kutokuwa na pedi kabisa, na hapo sijahesabu sabuni, maji ya ndoo siku bomba likiwa halitoi, na usingizi wako.

Kuna jambo moja ambalo halijasemwa. Ulizia pia nepi nzito ya usiku ya saizi ya mzee. Tuseme unaipata kwa shilingi 2,300 moja moja. Kwa mwezi ni 69,000, chini ya nepi ya kawaida pamoja na pedi. Wauzaji hawapendi kulitaja kwa sababu wanataka kuuza vitu viwili. Pedi ina faida yake pale ambapo tayari unatumia nepi nzuri na bado inazidiwa, au pale unapotaka nepi ileile itumike mchana bila kuongeza kitu na usiku ikiwa na nyongeza. Vinginevyo, linganisha kwanza.

Na tafadhali usikimbilie katoni, hata ukipewa punguzo. Nilinunua katoni mbili kwa ajili ya mama mkwe wangu, pakiti zikakaa chini ya kitanda wakati wa masika, na joto na unyevu wa jiji hili vikaziharibu: zilipofunguliwa zilikuwa na vibonge na harufu ya ukungu. Chukua za wiki mbili au tatu, na pakiti iwe haijapasuka.

FundiCherehani ameandika:

Mimi nimeuguza kwa miaka mitatu na kuna nyakati fedha ya pedi haikuwepo, kwa hiyo naomba niwasemee wasio na shilingi 700.

Kitambaa cha pamba kinapitisha maji pande zote mbili, na kwa maana hiyo ni pedi ya kuongezea kabla viwanda havijazigundua. Nilikuwa nashona vipande vya taulo kuukuu katikati na khanga zilizochakaa juu na chini, urefu wa sentimita 40 na upana wa 14, bila kuweka mshono mnene katikati kwa sababu mshono unachoma ngozi. Nilikuwa na kumi na mbili kwa zamu. Ubaya wake nausema wazi: kitambaa hakigeuzi mkojo kuwa jeli, kwa hiyo kinabaki na unyevu juu ya ngozi, na mgonjwa anapaswa kubadilishwa mapema zaidi. Kinafaa kwa saa tatu au nne, hakifai kwa usiku mzima. Na wakati wa masika, nguo ikikataa kukauka siku mbili, utalazimika kupiga pasi kila kipande, ukitaka usitake.

Njia nyingine niliyoonyeshwa na mama mmoja wa Mbagala ni kuchukua nepi ya mtoto, kukata masikio yake na mipira ya pembeni, kisha kuchana mgongo wake kwa michano midogo ya urefu wa sentimita mbili, kama sita au nane, ili mkojo upate njia ya kushuka. Inafanya kazi, lakini chana plastiki ya nje tu, usitoboe mpaka ndani, kwa sababu zile chembe za jeli zitatoka na kunata kwenye ngozi, na kuzisafisha katika mikunjo ya mapaja ya mgonjwa ni adhabu. Mimi niliifanya nilipobanwa. Sikuipenda.

NesiMstaafu ameandika:

Fundi amesema vizuri. Naongeza juu ya ngozi, kwa sababu pedi yoyote, hata nzuri, huongeza joto, na Dar es Salaam ya mwezi wa pili umeme ukikatika nepi peke yake ni tanuri.

Kila unapobadilisha, msafishe kwa maji na sabuni laini, mkaushe kwa kubonyeza kwa taulo bila kusugua, kisha mpake krimu yenye zinki au mafuta ya mgando, lakini utando mwembamba tu. Ukipaka kwa wingi, mafuta yanahamia juu ya pedi na kuziba vitundu vyake, na hapo pedi ya shilingi 700 itafanya kama ile ya 400. Poda usiweke kabisa, inaganda mikunjoni. Ukiona wekundu usiopotea baada ya kukandamiza kwa kidole, hasa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, acha pedi, mgeuze kila saa mbili, na umwite mhudumu wa afya. Pedi hizi pia hazisaidii kitu mgonjwa akiwa anaharisha, kwa kuwa choo laini huziba juu na mkojo unapita pembeni.

Jambo la mwisho, na ni la wanaume wa umri wa baba yako. Waulize madaktari kama kibofu chake kinaisha mkojo anapokojoa. Mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuwa na kibofu kilichojaa muda wote kinachofurika kidogo kidogo, na familia ikaendelea kununua pedi kubwa zaidi wakati dawa yake iko kwingine. Uliza pia saa anazomeza dawa za presha. Zile zinazoongeza mkojo, kama anazo, kwa kawaida hutolewa asubuhi, ila usibadilishe chochote bila ya daktari. Na asinyimwe maji mchana kwa matumaini ya kupunguza mkojo, kwani mkojo mzito unakiwasha kibofu na choo kigumu kinakisukuma. Mpe maji ya kutosha mpaka jioni, kisha punguza baada ya saa moja usiku.

Mzee wa Kigamboni ameandika:

Naomba niseme kwa upande wa anayevaa, kwa kuwa wote mnazungumza kama wauguzaji. Ninavaa nepi tangu nilipofanyiwa upasuaji wa tezi dume, na pedi naziweka mwenyewe.

Kwa mwanaume pedi isogezwe mbele, karibu na mkanda, na uume uelekezwe chini kabla ya kufunga nepi. Ukielekea juu au pembeni, mkojo unapanda kiunoni na hakuna pedi itakayousaidia. Kwa anayelala ubavu, isogezwe kidogo upande anaolalia. Kwa mwanamke anayelala chali ningesema isogezwe katikati kuelekea nyuma, lakini hilo waulizeni wenyewe.

Halafu, dada Kitindamimba, huyo mzee anayetazama feni anakusikia unapoingia. Mimi kilichonisaidia ni mwanangu kuniambia mapema, jioni, kwa sauti ya kawaida, "Baba, saa saba nitakuja kukugeuza na kukuangalia," akaja kweli saa saba, akafanya kazi yake huku akizungumzia mpira, akaondoka. Sikuwa na haja ya kumwita, wala ya kumsubiri bila kujua atakuja lini. Zilizotumika alikuwa akizikunja ndani kwa ndani na kuzirudisha kwenye pakiti ileile ya plastiki iliyotoka dukani, kwa sababu mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na gazeti peke yake halizuii harufu mpaka gari la taka lipite. Usizitumbukize chooni, jeli ile inavimba.

Kitindamimba ameandika:

Shikamoo, mzee wangu. Nimemwambia jana jioni kama ulivyoshauri, akaitikia kwa kichwa. Usiku nilimvalisha nepi ya saizi yake na pedi moja nimeisogeza mbele. Saa saba niliangalia, pedi ilikuwa imejaa na nepi chini yake imeanza kulowa, ila shuka lilikuwa kavu. Je, saa hiyo nitoe pedi peke yake na kuacha nepi, au nibadilishe vyote?

NesiMstaafu ameandika:

Kama mstari wa kuonyesha unyevu ulio nje ya nepi umebadilika rangi sehemu ndogo tu ya mbele, toa pedi, mfute, mkaushe, weka pedi mpya na umfungie nepi ileile mpaka asubuhi. Ukiwa umebadilika mpaka katikati, badilisha vyote. Kwa yeye anayejaza pedi ifikapo saa saba, ukiamka saa sita badala ya saa saba huenda ukaitoa kabla haijaanza kupitisha, na nepi moja ikakufikisha saa kumi na mbili.